Kumtafutia Dada Mji wa Waairishi

Habari ya kwamba dada yangu ameshinda grinkadi ilinipata mimi kwanza, na sikuipenda.

Tulikuwa tumejiandikisha pamoja, yeye na mimi, katika saiba moja ya Nkubu, duka la kukodi kompyuta, tukapigwa picha mbele ya shuka moja jeupe. Mwenye saiba alitutia wote wawili katika bahati nasibu ya grinkadi, kibali cha kuhamia Marekani, akatuambia tusubiri. Matokeo yalipotoka dada alikuwa kazini hospitalini, kwa hiyo nilishuka mimi. Mwenye saiba aliangalia namba yangu kwanza.

"Wewe hapana," akasema. Akaingiza ya dada. Akasogeza uso karibu na kioo, kisha akapiga meza kwa kiganja. "Huyu msichana! Huyu msichana wenu ameingia!"

Watu waliokuwa wakitoa kopi waligeuka. Mimi nilitazama viatu vyangu.

"Usininunie, boss," akaniambia. Yeye ni mtu wa Siakago, na huongea kama anayeuza mbuzi sokoni. "Hata ungeshinda wangekukataa tu. Hao watu wanataka form four. Si wewe uliachia darasa la nane?"

Nilitaka kumuuliza kwa nini hakuniambia hivyo siku aliyopokea pesa yangu. Swali hilo lilinijia sawasawa nikiwa nimeshavuka daraja, napanda mlima kuelekea kwetu. Mimi ni mtu wa haya. Maneno yangu hufika, lakini hufika wakati watu wameshaondoka. Labda ndiyo maana naandika, ingawa hata kuandika kwenyewe ni polepole, kama mtu anayeokota mawe kwenye mchele.

Nyumbani nilimkuta mama akimenya ndizi mbichi. Nilimwambia bila kukaa chini. Mama aliweka kisu, akafunika mdomo kwa kanga, akaanza kulia na kucheka. Kisha akaniangalia.

"Na wewe?"

"Mimi hapana."

"Basi," akasema, akanipa ndizi zilizobaki nimenye, naye akakimbia shambani kumwita baba.

Nilimenya ndizi zote. Utomvu wake ulinishika vidoleni, na nilifurahi kuwa na kitu cha kukasirikia.

Lazima niseme kidogo kuhusu Sista, kwa sababu bila yeye habari hii haina mguu. Sista mzee alikuwa Mwairishi. Alikuja misheni akiwa msichana, akazeekea hapo na akazikwa hapo, nyuma ya kanisa. Kimeru alikijua kuliko mama yangu, ambaye ni mtu wa Karurumo, huko Embu. Baba alipenda kumchokoza mama kwa hilo.

"Mzungu ameweza Kimeru," alikuwa akisema, "na wewe mpaka leo unakitafuna kama kiazi cha moto."

"Na ulikuja Karurumo kunioa hivyo hivyo," mama alikuwa akijibu. "Hukuuliza mtihani."

Dada alipozaliwa, mama alitokwa na damu nyingi. Hospitalini hapakuwa na damu ya aina yake. Sista alipimwa, ikaonekana yake inafaa, akalala kwenye kitanda cha pili akatolewa. Mama akaishi. Baada ya hapo Sista akawa mama wa ubatizo wa dada, na dada alipokua, Sista alisaidia karo yake mpaka akawa muuguzi. Mimi nilipozaliwa, mama wa ubatizo wangu alikuwa shangazi mmoja ambaye aliniletea kuku. Kuku huyo alikufa kabla sijajua kutembea. Nilipomaliza darasa la nane bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, na baba akasema tungoje kwanza dada amalize. Tulingoja. Kungoja kule kukawa ndiyo kazi yangu, pamoja na jembe.

Kwa hiyo grinkadi ilikuwa kitu kimoja tu juu ya vingine.

Shida ilijitokeza wiki ile ile. Katika fomu dada alitakiwa kuandika anwani ya mahali atakapofikia Marekani, na siku ya mahojiano alitarajia kuulizwa ni nani atakayempokea. Sisi hatukuwa na mtu. Kulikuwa na kijana mmoja wa mteremko wa pili aliyekwenda Massachusetts. Baba alimpigia simu. Ililia mara ya kwanza, ikakatwa. Mara ya pili haikulia kabisa.

"Ameona namba ya nyumbani akadhani ni harambee," mama akasema.

Dada alikuwa amevaa bado sare yake ya kazini. Alikaa na fomu mapajani, na niliona kwa mara ya kwanza kwamba anaogopa. Bila anwani, alisema, anaweza kukosa yote. Muda ulikuwa unapita na nafasi hiyo haingewekwa akiba. Nikiwa nimesimama mlangoni, nilihisi kitu kama kupumzika moyoni. Sikuzuia. Nilikiacha kipumzike.

Ndipo baba akasema, "Tuna gichiaro huko."

Mtu asiye wa Meru huenda hajui gichiaro ni nini. Ni undugu unaowekwa kati ya koo mbili ambazo hazikuzaliana, undugu wa damu iliyochanganywa zamani. Ndugu yako wa gichiaro akikuomba kitu, hukatai. Akifika kwako, humfungii mlango. Ukimdanganya au ukimnyima, mabaya yanarudi nyumbani kwako mwenyewe. Watu humheshimu gichiaro na kumwogopa kidogo, na wengine wakimwona anakuja huficha mbuzi mzuri nyuma ya nyumba kabla hajamtia macho.

"Gichiaro na nani?" dada akauliza.

"Na Waairishi. Damu ya Sista si iko ndani ya mama yenu? Tuliichanganya hapo hospitalini, kwa mpira na sindano. Ni gichiaro kuliko hata cha wazee, kwa sababu wao walionja tu."

"Sista alikuwa wa Ayalandi, baba. Si wa Amerika."

"Aliniambia nusu ya kijiji chao ilienda Amerika. Kwamba huko wana mji wao. Utafutwe huo mji, waandikiwe, waambiwe mtoto wao anakuja." Kisha akageuka kwangu. "Wewe kijana, kesho shuka uutafute."

Hivyo ndivyo nilivyopewa kazi ya kumtafutia dada yangu mahali pa kwenda na kuniacha.

Nilishuka nikidhani ni kazi ya asubuhi moja. Kwetu mtu akikutajia ukoo wake unajua mteremko anaokaa, na ukimsikia akisalimia unajua hata mto anaoteka maji. Nilidhani Waairishi wa Marekani nao wana mteremko wao. Mwenye saiba aliandika maneno kwa Kiingereza, miji ya Marekani yenye Waairishi wengi, na orodha ikaanza kushuka. Alisogeza, ikaendelea kushuka.

"Boss," akasema, "hii watu imejaa kila mahali. Unataka wa wapi? Wa baharini, wa barafu, ama wa mahindi?"

Nilirudi nyumbani kuuliza. Baba alikataa kuamini. "Mji mmoja ndio wa kwanza," akasema. "Mingine ni matawi. Tafuta shina." Nikashuka tena. Katika siku zile nilishuka na kupanda mpaka wachuuzi wa stendi wakaanza kuniita Mwairishi. "Mwairishi, umeona ndugu zako?" walinipigia kelele, nami nikapita nikiangalia chini, masikio yakiwaka moto.

Lakini pale kwenye kompyuta hakuna aliyeniharakisha, na nilisoma. Kiingereza changu ni cha darasa la nane, kwa hiyo nilisoma sentensi moja mara nyingi. Nilisoma kuhusu Boston, ambako walifika kwa meli wakiwa wamekonda, wakakataliwa kazi, na baadaye wajukuu wao wakawa ndio wakubwa wa mji. Nilisoma kuhusu Chicago, ambako kila mwaka katika sikukuu ya mtakatifu wao mto hutiwa rangi ukawa kijani kibichi. Savannah iko kusini, penye joto na miti mikubwa, na huko nako huandamana siku hiyo kwa ngoma na filimbi. Kulikuwa na mji mdogo wa Nebraska, katikati ya mahindi na ng'ombe, ambao katika njia panda yake wamechora jani la kijani kubwa kuliko kiwanja cha shule. Na kulikuwa na Butte, huko Montana, mji ulioketi juu ya mlima, wenye nyumba za matofali na minara ya chuma ya migodi ya shaba, na theluji.

Nilisoma pia kwa nini waliondoka kwao. Viazi vilioza. Majani yaligeuka meusi baada ya mvua, na walipochimba walikuta uji unaonuka. Nilijua harufu hiyo. Ugonjwa huo huja kwetu kila mvua ikizidi na ukungu ukikaa, na mimi mwenyewe nimewahi kusimama katikati ya shamba la viazi vyetu nikiwa na jembe na sina cha kuchimba. Walikufa wengi, na waliobaki wakapanda meli. Mtu mwema angewahurumia. Mimi niliwahurumia kidogo, kisha nikawaonea wivu. Viazi vyao vilioza vikawafikisha Chicago. Vyetu vilipooza tulinunua mbegu nyingine kwa mkopo wa chama tukapanda tena mahali pale pale.

Na kulikuwa na jambo jingine lililoniuma zaidi, ambalo sikumwambia mtu. Katika picha za maandamano niliona vijana wa umri wangu, wamevaa kijani, wamefunga skafu, wanapuliza filimbi. Hao hawajawahi kuona Ayalandi. Babu za babu zao ndio walioondoka. Lakini wakiulizwa wao ni nani wanasema sisi ni Waairishi, na mji mzima unasimama barabarani kuwapigia makofi. Mimi niko kwenye shamba la babu yangu mwenyewe, nalala juu ya udongo wake, na hakuna aliyewahi kusimama barabarani kwa sababu yangu.

Jioni nilikuwa nawaeleza nyumbani nilichokiona. Baba alipenda mji wa Nebraska.

"Hapo penye mahindi. Watu wa mahindi wana akili."

"Baba, mimi ni muuguzi," dada akasema. "Siendi kupalilia."

"Huko Chicago mto ni kijani?" mama akauliza. "Na maji wanakunywa wapi?"

Dada alikuwa akisikiliza huku amejishika kidevu. Nilipofika kwenye shaba aliinua kichwa. "Sista aliniambia wajomba zake walienda kuchimba shaba. Hakusema wapi. Alisema walikuwa wanaandika kwamba huko kuna mlima na baridi, kama hapa asubuhi."

"Basi shina ndilo hilo," baba akasema, akapiga goti. "Butte."

Niliona uso wa dada ukifunguka, na nikajuta kusoma ule ukurasa. Tena nilikuwa nimeusoma vizuri kuliko yote.

Kwa tahadhari tuliandikia makanisa ya miji yote. Dada aliandika Kiingereza kwenye karatasi usiku wa zamu, mimi nikaenda kuchapa, herufi moja moja. Baba alikuwa amesisitiza gichiaro kitajwe.

"Watadhani ni ugonjwa, baba," dada alisema.

"Eleza. Wewe si umesoma?"

Akaeleza. Aliandika kuhusu damu ya Sista, na kwamba kwetu jambo kama hilo hufanya watu wawe ndugu, na kwamba ndugu wa namna hiyo akiomba hanyimwi. Nikichapa maneno hayo nilisimama katikati. Dada alikuwa ameshazaliwa damu ile ilipoingia. Alikuwa amelazwa pembeni, amefungwa kwenye taulo. Mimi ndiye niliyekaa miezi yote katika tumbo lililokuwa na damu ya Sista. Kama kuna mtu gichiaro chake ni cha kweli katika nyumba yetu, ni mimi. Nilikaa na wazo hilo mpaka mwenye saiba akaniuliza kama nimelala. Kisha nikachapa kama karatasi ilivyosema.

Boston walijibu kwamba watatuombea. "Kuomba hata sisi tunajua," baba akasema. Chicago, Savannah na Nebraska hawakujibu. Dada alianza kuja na kuondoka bila kula. Mama alimwandalia uji, ukapoa.

Kisha Butte wakajibu. Aliyeandika alikuwa mama mzee, mjane, anayesaidia katika ofisi ya parokia na kukusanya habari za familia zilizotoka Ayalandi. Alisema aliposoma barua yetu aliisoma kwa sauti jikoni mwake, kisha akaisomea jirani. Alisema ana chumba, na hospitali iko karibu, na dada anaweza kuandika anwani yake. Akaiweka hapo chini, namba ya nyumba na barabara. Halafu aliongeza kitu. Kama ameelewa vizuri, alisema, undugu huu huenda pande zote mbili. Basi naye ana ombi. Mjukuu wake wa kiume amemaliza shule na hajui afanye nini na maisha yake. Angependa kuja kukaa kwetu msimu mmoja, aone mahali alipoishi na kufa Mwairishi yule. Ila ni kijana mwenye haya na hawezi kulala penye watu wengi. Je, tungeweza kumpa mahali pake mwenyewe?

Niliwasomea barua hiyo nyumbani kwa kutafsiri. Baba alisimama.

"Ameelewa!" akasema. "Mnaona? Huyo mama ni mtu kamili. Ameelewa kabisa!"

Mama aliniangalia. Dada aliniangalia. Baba alikuwa wa mwisho kuniangalia.

Katika boma letu kulikuwa na mahali pamoja tu pa namna hiyo, napo ni nyumba yangu. Kwetu kijana akishatahiriwa hulala katika nyumba yake. Mama yake haingii tena humo, na baba akija hukohoa nje akangoja. Nyumba yangu niliijenga mwenyewe, kwa mbao za miti niliyoipanda nikiwa shule. Ina chumba kimoja, dirisha moja, na mlango unaofungwa kwa ufunguo. Sikuwa na kitu kingine duniani ambacho dada hakukipata kwanza.

Baba alifika kesho yake asubuhi. Nilisikia akikohoa. Nilichelewa kutoka kwa makusudi.

"Umeamka?"

"Nimeamka, baba."

Alitazama bati, akatazama mbao, kana kwamba anataka kununua. Baba yangu hajawahi kuniomba kitu. Kuniagiza, ndiyo, tangu nijue kutembea. Lakini nyumba ya mwana hupewi kwa kuagiza, na yeye alilijua hilo kuliko mimi.

"Yule kijana," akasema. "Wa Butte."

"Ndiyo."

"Hatuwezi kuchukua chumba chao kwa mkono mmoja, na mwingine tufiche mgongoni. Gichiaro hakifanyiwi hivyo. Kitamrudia dada yako huko huko baridini. Nimemwambia asiandike ile anwani mpaka tuwe na jibu." Akakohoa tena, ingawa nilikuwa nimeshatoka. "Sasa jibu ni lako. Nimekuja kuuliza."

Nilipaswa kusema kitu. Nilisema, "Nitafikiri."

"Fikiri," akasema baba, akaenda kukamua ng'ombe.

Nilifikiri kwa siku nyingi kuliko zilizohitajika. Sitasema uongo, zilikuwa siku tamu. Mama aliniwekea nyama ya juu. Baba aliniuliza kama jembe langu linahitaji mpini mpya. Dada aliyeshinda Marekani nzima alikuwa anapita mbele ya mlango wangu polepole, akitafuta uso wangu. Ilikuwa kama maandamano. Nilijua muda wa fomu unaisha, na kila jioni nilijiambia nitasema kesho.

Alinifuata kwenye kahawa. Nilikuwa napogoa, yeye amevaa gambuti za mama, na alianza kuokota matawi niliyoyaangusha kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa wadogo.

"Kama ni hapana, sema hapana," akasema. "Lakini sema kwa mdomo. Usiniue kwa kunyamaza."

Niliendelea kupogoa.

"Unasikia, wewe?"

"Nilitaka niwe mimi," nikasema.

"Najua."

"Hujui. Wewe ulipewa Sista. Ulipewa shule. Na hiyo damu mnayoandikia watu, wewe ulikuwa umeshatoka! Ulikuwa kwenye taulo! Mimi ndiye niliyelala ndani yake."

Dada alisimama na matawi mikononi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka matawi yakamwanguka. "Ati kwenye taulo!" Alijifuta macho. Nilidhani ataondoka, lakini alikaa chini juu ya majani.

"Nikuambie kitu?" akasema. "Siku ile mwenye saiba alipotupiga picha, niliomba kimoyomoyo. Sikuomba nishinde. Niliomba kama ni mmoja, usiwe wewe. Kwa sababu ungeenda, mimi ningebaki na baba na mama na kahawa, niuguze watu Nkubu mpaka nizikwe nyuma ya kanisa. Mtu wa kuondoka kwanza haonekani mbaya. Anayeondoka nyuma yake ndiye anayeitwa mkimbizi wa wazazi." Alivuta jani moja, akalipasua katikati. "Kwa hiyo usidhani wewe peke yako ndiye mwenye roho mbaya hapa."

Sikuwahi kusikia dada yangu akinionea kitu wivu. Nilitaka kumuuliza tangu lini, na kwa nini, na ni nini hasa changu alichokitamani. Lakini nilimwona amekaa pale, na gambuti kubwa kuliko miguu yake, na nikaona jinsi alivyokonda katika wiki zile. Kwenye kola ya sare yake palikuwa na nafasi ya kuingiza mkono.

"Aje," nikasema. "Huyo kijana. Aje akae."

"Kweli?"

"Lakini jibu nitaandika mimi. Si wewe, na si baba."

"Andika," akasema. Alikuwa anacheka tena, lakini machozi sasa yalikuwa ya aina nyingine.

Tulishuka wote wawili siku hiyo hiyo, kabla saiba haijafungwa. Wachuuzi wa stendi walinipigia kelele, "Mwairishi, leo umeleta mke?" na dada akawajibu kwa Kimeru neno ambalo muuguzi hapaswi kulijua. Mwenye saiba alitupa kompyuta mbili zilizo bega kwa bega. Dada alifungua fomu yake kwenye moja, akaweka vidole kwenye meza, akangoja.

Baba alikuwa ameniagiza njiani, akinifuata mpaka kwenye daraja, niandike kwamba nyumba yetu iko tayari na mgeni anakaribishwa na familia yote. Nilianza. Nilitafuta herufi moja moja. Niliandika kwamba kijana aje. Niliandika kwamba nyumba ni yangu, niliijenga mimi, na kwamba ufunguo ataupokea kutoka mkononi mwangu. Niliandika kwamba asubuhi kuna ukungu na alete sweta.

Mwenye saiba aliinama juu ya bega langu. "Boss, hapa ungeweka 'yetu'. Ndiyo heshima."

"Usiguse," dada akamwambia.

Dada alisoma nilichoandika mpaka mwisho, midomo ikienda. Kisha akanigusa kisogo kwa kiganja, kidogo tu, nami nikabonyeza pa kutuma.

Barua ilipokwenda, aligeukia kompyuta yake akaanza kuingiza ile anwani ya Butte. Aliandika haraka, kwa vidole vyote, bila kuangalia herufi ziko wapi, na hata hapo, nikiwa nimeketi kando yake na mikono yangu juu ya magoti, nilimwonea wivu.